Usingizi wa Akina Kalinga

Pale Mlandege, Iringa mjini, ukitaka mchele wa Madibira ambao haukuchanganywa na kitu, watakuelekeza kwa Veneranda Kalinga, na watakuelekeza huku wanacheka. Kasoro haipo kwenye mchele. Ipo kwenye mkono. Veneranda akishakupimia sado lako na kulimimina mfukoni, vidole vyake havina haraka ya kuliachia lile kopo. Vinabaki vimelikumbatia, nawe unasubiri, naye anatabasamu utadhani ndivyo alivyokusudia. Wateja wageni hudhani anauonea uchungu mchele wake. "Mama huyu ana mkono wa birika," hunong'onezana, na wenyeji huzidi kucheka, maana hakuna muuza mchele pale anayetoa nyongeza nono kama Veneranda.

"Baridi hiyo," alikuwa akijitetea. "Baridi ya Iringa inanikamata vidole." Na kweli, mwezi wa sita ukifika, upepo wa mji ule humfanya kila mtu atembee amejikunyata, mikono kwapani. Nani angebisha?

Tena mkono ule ulikuwa sifa ya kurithi. Wahehe hawasalimiani kwa kupungiana. "Kamwene" hutolewa pamoja na mkono, na mkono haurudishwi mpaka habari za watoto, za ng'ombe na za mvua ziishe. Miongoni mwa watu hao wa salamu ndefu, akina Kalinga walikuwa mabingwa. Marehemu baba yao, mzee Yohane, mkulima wa mpunga kule Madibira, alikushika mkono mpaka ukajiona mtu wa maana. Alisinzia kanisani, watu wakasema anasali kwa moyo. Kope zake zilikuwa zimelegea, na za wanawe vilevile, watu wakasema ule ni ukoo wa wapole. Ugali ulimpalia mara kwa mara, wakasema mzee ana haraka ya kurudi shamba. Alipokutwa amekufa ukingoni mwa mfereji wa maji, ameketi, jembe mapajani, wakasema presha. Kila kitu kilipatiwa jibu, na jibu lenyewe halikumsumbua mtu.

Veneranda alikuwa na miaka arobaini na mitatu macho yalipoanza kuweka ukungu. Mwanzoni alilaumu moshi wa jikoni. Kisha akaanza kushindwa kuziona chuya kwenye ungo, na muuza mchele asiyeona chuya hana kazi. Mumewe Jofrey, fundi seremala, mtu wa maneno machache, ndiye aliyempeleka kliniki ya macho.

Daktari wa macho alikuwa Nisha, binti wa Ramesh mwenye duka la vitambaa. Nusu ya wanawake wa mjini walimjua tangu mdogo, akikaa juu ya marobota ya vitenge na madaftari yake ya shule. "Kamwene, mama," alisema, maana alikuwa mtoto wa pale pale, akatoa mkono.

Veneranda akaushika. Akauliza habari za mzee Ramesh, za mama, za duka. Daktari akajibu zote, kisha akautazama mkono wake ambao ulikuwa bado umeshikwa.

"Mama, niachie."

"Nakuachia, mwanangu. Baridi tu."

Nisha hakucheka. Alisubiri mpaka vidole vikafunguka kimoja kimoja, kivivu, akamketisha kwenye mashine na kuyamulika macho yake kwa muda mrefu. Alipomaliza akamwambia akunje ngumi kwa nguvu zote, halafu aifungue upesi. Veneranda akakunja. Akaviamuru vidole vifunguke, navyo vikamgomea. Alivitazama kwa mshangao, maana miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia avifungue upesi.

"Mtoto wa jicho unaye kweli," Nisha alisema, "na nitamtoa kwa ganzi ya jicho tu, hakuna kulala usingizi. Ila humo ndani kuna chembe zinang'aa, nyekundu na kijani. Hizo si za uzee. Mama, kwenu kuna mwingine ambaye mkono wake unakawia hivi?"

"Ukoo mzima," Veneranda alisema kwa majivuno. "Ndiyo heshima yetu."

Basi Nisha akaanza kuuliza, na kila swali lilikuwa kofi. Nani anasinzia mchana? Nani kope zimelegea? Nani chakula kinampalia? Nani alikufa ghafla? Veneranda alijibu baba, baba na mimi, baba, baba, na sauti yake ikazidi kushuka. Hapo ndipo alipoelewa kwamba zile sifa zote za akina Kalinga, upole na sala na salamu, zilikuwa dalili.

Jina la ugonjwa lilikuwa refu, distrofia ya mayotonia. Nisha alilitamka mara moja, akaliweka kando, akaeleza kwa maneno ya sokoni. Ni ugonjwa wa misuli, unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Kila mtoto wa mgonjwa yuko nusu kwa nusu, anaweza kuupata au kuukosa, na mara nyingi humwanza mtoto mapema kuliko ulivyomwanza mzazi. Misuli ikishakaza inachelewa kulegea. Umeme wa moyo nao unachelewa, na siku moja unaweza kusimama bila taarifa. Kipimo chenyewe cha damu kingepelekwa mbali na majibu yangekawia, lakini kwa aliyoyaona, alisema, hakuwa na shaka kubwa.

"Dawa ya kuufuta haipo," alisema. "Lakini hatukai tukautazama. Moyo unapimwa umeme wake kila mwaka, hata kama unajisikia mzima, na ukizidi kuchelewa unawekewa kifaa cha kuuongoza. Kifua kinapimwa. Mazoezi utafundishwa, na namna ya kula usipaliwe. Na kuna kitu kimoja ukishike kuliko vyote. Usikubali kulazwa usingizi wa operesheni, hata iwe ndogo namna gani, kabla hujamwambia daktari wa usingizi kwamba una ugonjwa huu. Kuna dawa ambazo mwili wako hauziwezi. Mwenzako anaamka, wewe huamki."

Veneranda alimkodolea macho. "Huamki?"

"Ndiyo, mama. Kuna mtu kwenu aliwahi kufanyiwa operesheni?"

Alikuwepo. Aliitwa Lea, mdogo wake wa kumfuata, aliyeolewa Mbeya na Asukile, Mnyakyusa wa Uyole aliyekuwa akinunua viazi mashambani na kuvipeleka Dar. Miaka tisa iliyopita Lea alipasuliwa uvimbe tumboni, operesheni ambayo wanawake wengine hufanyiwa na kabla ya msimu kwisha wako shambani. Uvimbe ulitoka salama. Lea hakuamka. Na kwa bahati mbaya, mwezi uleule Asukile alikuwa amenunua lori aina ya Fuso.

Basi nani alihitaji mpelelezi? Mke kalala mzima hakuamka, mume ana lori jipya. Maiti iliposafirishwa kuzikwa Madibira, neno kafara lilifika kabla ya jeneza. Na aliyelitamka kwa sauti, mbele ya padri na umati wote, alikuwa Veneranda wetu huyu mwenye salamu ndefu. Asukile alipoinama kuchota udongo wa kumzika mkewe, alisimama mbele yake akatanua mikono. "Wewe hutupi udongo hapa! Umemuuza mdogo wangu kwa Fuso, halafu uje umfukie?" Watu wakamshangilia. Asukile aliuachia ule udongo ukaanguka, akamshika mkono binti yake Eveline, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, wakaondoka bila hata kunywa maji. Tangu siku ile hakuna Kalinga aliyejuliana hali na mtu wa Uyole.

Sasa huyu binti wa Ramesh anasema nini? Anasema Asukile hakuua mtu. Anasema kilichomuua Lea alizaliwa nacho, kilitoka kwa mzee Yohane, tena kimo humu ndani ya Veneranda mwenyewe. Alitaka kulia, machozi hayakuja.

"Nilimzuia kuzika," alisema.

Nisha hakuelewa. Alimletea maji tu, akamwandikia na barua ya kuwaonyesha madaktari wengine.

Nyumbani alimkuta shangazi Faustina uani, anageuza mahindi juani. Huyu ni dada wa marehemu baba yake, aliyekuja kukaa kwao uzeeni, na katika ukoo ule yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho. Mahari hupangwa mbele yake, misiba huamuliwa naye. Veneranda alimwaga yote aliyoyasikia, kisha akangoja shangazi apige kelele, ajishike kichwa, aite jina la Bikira Maria. Faustina aligeuza mahindi.

"Shangazi, mbona hushtuki?"

"Sosthenes," alisema yule mama, bila kuinua uso.

"Baba mdogo Sosthenes? Si alikufa kwa malaria?"

"Alikufa kwa ngiri. Walimlaza ili watoe ngiri, hakuamka. Malaria tulisema sisi."

Veneranda aliketi chini, juu ya gunia.

"Unanitazama nini?" Faustina alikuwa mkali sasa. "Wakati ule wewe ulikuwa na mchumba, na Lea anakuja nyuma yako. Akina Jofrey walishatuma watu wao kuchunguza. Hujui wanavyochunguza? Wanakaa kisimani, wanakaa mashineni, wanauliza polepole, hawa Kalinga hawana kifafa, hawana ukoma, hawana kichaa? Ulitaka nijibu kwetu watu wakilala hawaamki? Nani angekuoa? Ungekuwa hapa bado unanipikia uji!"

Hilo la kuchunguza ukoo ni kweli, kila mtu wa nyanda zile analijua. Mchumba hapokelewi kwa sura peke yake. Kwa hiyo ukoo nao hujifunza kujibu, na akina Kalinga walijifunza vizuri sana. Walijifunza mpaka wenyewe wakasahau kwamba ni uongo, isipokuwa Faustina.

"Kwa hiyo ulijua," Veneranda alisema. "Siku namtukana Asukile pale kaburini, ulijua."

"Nilijua nini? Mimi daktari? Sosthenes ni Sosthenes, Lea ni Lea."

Kabla Veneranda hajajibu, mlango wa jikoni ulifunguka. Alikuwa Leokadia, bintiye wa miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa ualimu, simu mkononi na uso umempauka. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Mama," alisema, "Eveline anafanyiwa operesheni wiki ijayo. Ana rovu."

Ikawa balaa juu ya balaa. Kumbe mabinti wale wawili, ambao wazazi wao hawakuweza hata kutajana majina, walikuwa wakiandikiana kwa simu tangu sekondari. Eveline alikuwa na rovu shingoni lililokuwa limeanza kumbana pumzi, haliwezi kuachwa, na baba yake alishakubali apasuliwe. Leokadia alionyesha picha. Veneranda, na ukungu wake wa macho, aliisogeza simu mpaka puani. Aliona shingo iliyovimba, na juu ya shingo ile akaona uso mwembamba na kope zilizolegea. Alikuwa Lea mtupu.

"Mpigie! Mpigie sasa hivi!"

Eveline alipokea akicheka, akidhani ni Leokadia. Veneranda alieleza mbio mbio, kwa maneno yanayogongana, na mwisho wake binti akasema kwa woga, "Mama mkubwa, ngoja uongee na baba." Simu ikabadilisha mikono. Kisha sauti ambayo Veneranda hakuwa ameisikia kwa miaka tisa.

"Kwanza mlisema nimemuua mama yake kwa kumlaza. Sasa mnataka na huyu asilazwe, afe kwa rovu? Mna nini nyie watu? Mtaniachia lini?"

Simu ikakatwa. Leokadia alijaribu tena na tena, ikawa haipatikani.

"Vizuri," alisema Faustina. "Umeshasema, hakusikia, shauri yake. Sasa nyamaza. Jumapili mshenga wa huyu mtoto anakuja, na watu wao wameshafika Madibira kuuliza. Ukiyabeba maneno haya mpaka Uyole, yatarudi hapa kabla yako, na Leokadia atakaa bila kuolewa."

Veneranda alimgeukia mwanawe. Leokadia alikuwa karibu naye, ameegemea ukuta kwa bega, mikono ameificha nyuma, akidhani haonekani, anakunja ngumi na kufungua, anakunja na kufungua. Vidole vilikuwa vinafunguka vizuri tu. Lakini kumwona mwanawe anajipima mwenyewe kwa siri, ukutani, kulimchoma Veneranda kuliko yote aliyoyasikia siku ile. Alimtafuta Jofrey kwa macho. Jofrey alikuwa amesimama na randa yake mkononi, vumbi la mbao kichwani.

"Nenda," alisema Jofrey. "Mshenga nitazungumza naye mimi."

Alipanda basi la asubuhi. Mafinga, Makambako, kote alikuwa anatengeneza maneno ya kuanzia na kuyatupa. Igawa basi liliposimama na wauzaji wakazunguka madirisha, alinunua karanga bila kujua kwa nini, akabaki amezishika mpaka Uyole, na hakuzila.

Nyumba ya Asukile haikuwa ya kuuliza mara mbili. Ua ulikuwa umejaa magunia ya viazi yaliyovimba hadi juu, na lile Fuso lilikuwepo, limechoka, rangi imebabuka, linapakiwa. Asukile mwenyewe alikuwa juu ya magunia anafunga kamba. Mvi zilikuwa zimemwingia. Alipomwona, mikono yake ilisimama.

Veneranda alikuwa amepanga kuanza na habari za safari. Badala yake alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, mbele ya wapakiaji.

"Shemeji, nilikusingizia. Hukumuua Lea. Sisi ndio tuna ugonjwa, upo kwenye damu yetu, mimi ninao. Lea alikuwa nao. Nimekuja kukuomba usimlaze Eveline kabla hujawaambia madaktari. Ukimaliza kuwaambia, nifukuze."

Wapakiaji waliacha kazi. Asukile alishuka taratibu, akawaambia wakapumzike, akasimama mbele yake. Hakumwambia ainuke.

"Ugonjwa gani?"

Akaeleza, safari hii polepole, kama Nisha alivyomweleza yeye. Mkono usioachia. Kope. Usingizi wa mchana. Moyo. Alipofika kwenye mkono, Asukile aliinua kichwa ghafla.

"Eveline akifungua chupa mkono unamganda kwenye kifuniko," alisema. "Mimi nilidhani anamuiga mama yake."

"Na baba yetu mdogo, Sosthenes, alikufa hivyo hivyo. Walimlaza wamtoe ngiri, hakuamka. Nimejua jana. Shangazi Faustina alikuwa anaficha."

Asukile alibadilika rangi. Veneranda alidhani atampiga, na akajiambia kwamba akimpiga ni haki yake. Lakini yule mwanamume alirudi nyuma mpaka akaegemea Fuso.

"Rudia. Faustina alikuwa anajua?"

"Alijua. Tangu sijaolewa."

"Shemeji, sikiliza. Siku ya operesheni ya Lea, daktari wa usingizi alituuliza. Alituuliza vizuri kabisa, katika familia kuna mtu yeyote aliyepata shida kwenye usingizi wa operesheni? Lea akasema hajui. Daktari akasema ulizeni kwenu. Nikatoka nje, nikapiga simu kwenu. Mzee Yohane alishafariki, kwa hiyo nilimpigia mkubwa aliyebaki. Nilimpigia Faustina."

Veneranda alitikisa kichwa, hataki kusikia linalofuata.

"Nikamwambia, shangazi, wanauliza hivi na hivi. Akanijibu, kwetu? Kwetu hakuna kitu kama hicho, mkwe, umeoa watu wazima. Akacheka. Nikarudi ndani nikamwambia daktari hakuna."

Veneranda alikuwa bado magotini, karanga zimemwagika, na kichwani mwake alimwona Faustina siku ile ya maziko, amesimama mstari wa mbele, kitenge kimefungwa vizuri, anamtazama Asukile akizuiwa udongo. Alitazama mpaka mwisho. Hakufumbua mdomo. Mkwe haambiwi magonjwa ya ukoo, ndivyo walivyofundishwa, maana akiambiwa atasema ameuziwa kibovu. Kwa ajili ya aibu hiyo mtu ameuawa na mwingine akabebeshwa maiti yake.

"Yesu wangu," Veneranda alisema. "Yesu wangu. Yesu wangu."

"Inuka," Asukile alisema. Hakusema nimekusamehe, na mimi sitamsemea. Alisema, "Inuka twende hospitali, uwaambie kwa mdomo wako."

Eveline walimkuta ndani amelala mchana kweupe, juu ya kochi, taulo la kazi begani. Alikuwa na kibanda cha kusuka nywele, na kwa miezi kadhaa alikuwa anasinzia akiwa kazini. Veneranda alipomwamsha, binti alimtazama kwa muda, kisha akaanza kulia, akimwita mama mkubwa, akamuuliza kwa nini amechelewa kuja miaka yote hiyo.

Hospitali ya rufaa, daktari wa usingizi alikuwa mwanamume mtaratibu mwenye miwani. Alisikiliza hadithi yote, tangu Yohane mpaka Sosthenes mpaka Lea, akaisoma na barua ya Nisha. Akampa Eveline mkono, akamwambia abane na kuachia. Asukile aligeuza uso asione. Wakapima umeme wa moyo wa Eveline siku ileile, na yule daktari aliishika ile karatasi ya mistari muda mrefu kuliko Veneranda alivyoweza kuvumilia.

"Moyo wake umeshaanza kuchelewa," alisema. "Si sana, ila umeanza. Angelala wiki ijayo kwa dawa tulizokuwa tumepanga..." Hakumalizia. Alivua miwani akaifuta. "Mama, umetoka Iringa kuja kusema hili?"

"Ndiyo."

"Ungepiga simu tu."

Asukile alicheka, kicheko kibaya, kifupi, kilichomfanya nesi ageuke.

Operesheni ilisogezwa mbele. Rovu lilikuwa linabana, lazima litoke, lakini sasa waliandaa mambo upya. Dawa moja waliifuta kabisa. Nyingine walizipunguza. Mtaalamu wa moyo aliitwa, kitanda kikatengwa kwenye chumba cha uangalizi maalumu, na Eveline akaambiwa kwamba ataamshwa polepole, atapumuliwa na mashine mpaka kifua chake kiwe tayari, na hataachwa peke yake. Walimweleza pia kwamba baada ya hapo ni mwendo wa maisha, moyo kupimwa kila mwaka, na siku akitaka mtoto aje kwanza wazungumze. Binti alisikiliza yote kwa utulivu. Kisha akauliza kama atasuka tena nywele, na waliposema atasuka, ila apumzishe vidole na avikinge na baridi, akaridhika.

Mshenga wa Leokadia naye alikuja Jumapili kama alivyoahidi. Jofrey alimweleza ukweli, yote, bila kupaka mafuta. Mshenga alikunywa chai, akasema watakwenda kutafakari, na mpaka siku ya operesheni walikuwa bado wanatafakari. Leokadia alijipeleka mwenyewe kwa Nisha kupimwa. Faustina alifunga mizigo yake akarudi Madibira, na hakuna aliyemzuia.

Siku yenyewe Veneranda na Asukile walikaa kwenye benchi moja, nafasi ya mtu mmoja kati yao. Kila mlango ulipofunguka Veneranda alimtazama Asukile, maana ndivyo walivyokuja kumwambia Asukile habari za Lea, kwa mlango kufunguka. Yule daktari wa miwani alitoka mara ya kwanza kusema rovu limetoka. Asukile hakutikisika. Hata uvimbe wa Lea ulitoka salama.

Walisubiri tena. Jua lilishahamia ukuta wa pili nesi alipowaita, wakavaa makoti ya hospitali, wakaingia. Eveline alikuwa na bandeji shingoni na nyaya kifuani. Macho yalikuwa nusu, lakini kwa akina Kalinga macho huwa nusu siku zote, na Veneranda hakuthubutu kuamini mpaka midomo ilipocheza.

"Baba," sauti ilikuwa kama ya kukwaruza. "Nina kiu."

Veneranda alilia pale pale, kwa sauti, mpaka nesi akamwomba atoke. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akamshukuru nesi aliyekuwa anamtoa. Koridoni aligeuka amkumbatie shemeji yake, furaha imemsahaulisha kila kitu.

Asukile alikuwa amesimama akiutazama ukuta. Uso wake haukuwa na furaha hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa habari za msiba sasa hivi.

"Ameamka, shemeji!" Veneranda alisema. "Umemwona? Ameamka!"

"Nimemwona." Aliweka kiganja chake ukutani, akashikilia. "Kwa hiyo ilikuwa ni kusema tu. Faustina angesema neno moja kwenye ile simu, na Lea angeamka, angeniomba maji."